Muulize Fundi: Breki ya gokati ikivuna umeme, tuuweke wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Sisi ni vijana wanne wa Nyegezi, tunasoma ufundi umeme mwaka wa pili. Tumeunda gokati ya mashindano kwa mabomba ya chuma: injini ya pampu ya maji ya cc 200, klachi ya kujishika yenyewe, ekseli moja ya nyuma na diski moja ya breki. Inafika kilomita 60 kwa saa. Sasa tumepata mota ya umeme ya kilowati 3, volti 48, kutoka kwenye guta la umeme lililokufa. Tunataka tukishika breki mota izalishe umeme, na tukitoka kwenye kona umeme huohuo utusukume. Tufunge betri gani? Na je, tukishafunga mota tunaweza kutoa diski ili tupunguze uzito?

JIBU: Marahaba, wanangu. Barua yenu nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na kalamu na daftari. Nitaanzia kwenye swali la mwisho maana ndilo linaloweza kumvunja mtu mguu. Diski isitoke. Ibaki kwenye ekseli na pedi zake na mafuta yake, na iweze kuisimamisha gokati peke yake siku ambayo mota imekufa kabisa.

Nalisema hili kwa uchungu. Miaka michache iliyopita mama mmoja anayefanya biashara ya dagaa mwaloni Kirumba aliniletea guta la umeme. Anakaa juu, Isamilo. Nilimwekea kontrola, yaani kile kisanduku kinachoongoza umeme wa mota, ya aina inayorudisha umeme kwenye betri anapoachia mwendo, naye akafurahi sana, akaniambia breki za miguu hazigusi tena. Zile breki zilikuwa zimelegea, nami nikaziacha hivyohivyo. Usiku alichaji betri nyumbani hadi ikajaa. Asubuhi akaanza kushuka mlima na magunia yake. Fikirini wenyewe: betri imejaa, na mteremko unaanzia mlangoni. Umeme ukarudi, ukakuta betri haina nafasi. Ile saketi ya ulinzi iliyomo ndani ya betri, tunayoiita BMS, ikafunga njia. Volti zikapanda ghafla, kontrola ikajizima kujiokoa, na breki aliyoizoea ikatoweka katikati ya mlima. Alilielekeza guta mtaroni. Dagaa walimwagika, yeye akatoka mzima, na ninamshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku ile hakuna chombo kinachotoka gereji kwangu kabla sijakishusha mlima mimi mwenyewe mota ikiwa imezimwa.

Kwa hiyo swali lenu la betri ni zito kuliko mlivyodhani. Kuzalisha umeme si kazi. Mota yoyote ya sumaku ukiizungusha inazalisha. Kazi ni mahali pa kuuweka, tena ndani ya sekunde tatu.

Chukueni hesabu. Nishati ya mwendo ni nusu ya uzito mara kasi mara kasi. Gokati, dereva na mfumo mpya wote tuseme ni kilo 170. Mnaingia kwenye kona mkiwa na kilomita 60 kwa saa, yaani mita 16.7 kwa sekunde, mnapunguza hadi 20, yaani mita 5.6. Nishati inayotakiwa kutoka hapo ni kilojouli 21. Ni kidogo: hata mkisimama kabisa kutoka 60, mtakuwa mmetoa kilojouli 23.6, ambazo ni kama theluthi ya kile kinachokaa kwenye betri ya simu ya mAh 5,000. Lakini inatoka kwa fujo. Kilojouli 21 kwa sekunde 3 ni kilowati 7 kwa wastani, na pale mwanzoni, kasi ikiwa bado kubwa, inapita kilowati 10.

Betri ya lithiamu ya volti 48 na Ah 20 nyingi zinaruhusiwa kuchajiwa kwa ampia 10 hivi. Ya asidi ya ukubwa huo, ampia 2 hadi 4. Ninyi mtaileta ampia zaidi ya mia. Mnajua mvua yetu ya Mwanza inavyokuja kutoka ziwani, inapiga bati dakika chache kisha jua linawaka. Ukikinga mtungi wenye shingo nyembamba, maji mengi yatapita pembeni. Ukikinga beseni, unapata. Mtungi una nafasi, ila mdomo wake ni mdogo. Betri ndiyo mtungi. Beseni ni superkapasita, kifaa kinachopokea na kutoa umeme kwa haraka sana ila hakibebi mwingi.

Tafuteni superkapasita za faradi 500, volti 2.7 kila moja. Mkizifuatanisha 18 mnapata faradi 27.8 na uwezo wa volti 48.6. Zikijaa zinabeba kilojouli 32 na ushee. Msizitumie kuanzia sifuri. Zifanyieni kazi kati ya volti 36 na 46 tu, na hapa someni polepole, maana ndipo wengi wanapoharibu.

Mota ikizungushwa inatoa volti kulingana na kasi. Ndani ya kontrola kuna diodi zinazopitisha umeme upande mmoja bila kumwuliza mtu. Ikiwa volti za mota zimezidi volti za kapasita, umeme utaingia tu, umeshika breki au hujashika. Mtajikuta kwenye sehemu iliyonyooka injini inavuta na mota inakaba, na hamuwezi kuizuia. Dawa yake iko kwenye spoketi. Zungusheni mota kwa drili ambayo mizunguko yake mnaijua, fungeni diodi sita kwenye zile nyaya tatu, pimeni volti zinazotoka. Mkishajua mota inatoa volti ngapi kwa mizunguko mingapi, chagueni spoketi ili gokati ikiwa kwenye kilomita 60 mota isivuke 36. Chini ya hapo kontrola ndiyo itakayozipandisha volti na kuusukuma umeme ndani kwa kiasi mtakachopanga ninyi.

Kontrola nyingi za volti 48 zinakata zenyewe volti zikishuka kwenye 40 au 42, kuilinda betri. Hiyo haiwafai. Tafuteni inayopangwa kwa kompyuta au simu, mweke kikomo cha chini 35 na cha juu 46. Mkiacha pengo la volti mbili na nusu juu, siku kapasita zikijaa mapema kontrola itaacha kuvuna kabla hazijaumia, na mguu utaikuta diski iko palepale. Ndiyo maana sisemi kwa utani kuhusu diski.

Kuhusu nguvu ya kukaba, anzeni na ampia 50 kwenye waya za mota, mpande taratibu, msivuke 150. Kwa ampia 150 na spoketi niliyowaambia, wastani wa nguvu mtakayokaba ni kilowati 3.6, yaani karibu kilojouli 11 kwa sekunde tatu. Toeni moja ya tano inayopotea kama joto ndani ya mota na kontrola, kwenye kapasita mnabakiwa na 8.6. Volti zitapanda kutoka 36 hadi karibu 44. Zile kilojouli 10 nyingine za mwendo wenu zinamalizwa na diski, upepo na matairi. Msihuzunike. Ukitaka kuvuna zote, mota inakuwa nzito na gokati inaanza kubeba mfumo badala ya mfumo kuisukuma gokati.

Na kuna jambo la matairi. Breki yenu yote iko nyuma. Unapokaba, uzito unakimbilia mbele, matairi ya nyuma yanabaki mepesi. Mota ikikaba ghafla huku diski nayo inakaba, ekseli inajifunga na gokati inageuka kutazama ilikotoka. Kwa hiyo fungeni sensa kwenye pedali: robo ya kwanza ya safari ya pedali iite mota peke yake, nguvu ikiongezeka polepole kwa nusu sekunde hivi, kisha mafuta ya diski yaanze. Siku ya mvua punguzeni ampia kwa nusu. Wekeni swichi kubwa nyekundu ya kuzima mota karibu na usukani, dereva aifikie akiwa amefungwa mkanda.

Mota iunganishwe kwa cheni yake moja kwa moja kwenye ekseli, upande wa pili wa injini. Kuna fundi atawaambia muifunge kwenye shafti ya injini ili muokoe spoketi moja. Msimsikilize. Klachi yenu inaachia mizunguko ya injini ikishuka, na ikiachia tu, magurudumu na mota havijuani tena.

Sasa usalama wa hizo kapasita. Kila moja ya zile 18 lazima iwe na saketi yake ya kusawazisha, la sivyo moja itafika 2.9 wakati jirani yake iko 2.4, na hiyo ya kwanza itavimba na kufa. Kapasita zikiwa tupu msiziunganishe moja kwa moja na betri au chaja, kwa sababu kwao hiyo ni sawa na kushikanisha waya. Pitisheni umeme kwenye balbu tatu za gari za volti 12 zilizofuatana. Balbu zitawaka, kisha zitafifia taratibu kadiri kapasita zinavyojaa. Ni dakika kadhaa, kaeni mkiangalia mita. Mkimaliza kazi, zishusheni kwa balbu hizohizo mpaka zimekwisha, ndipo mguse boliti. Vueni pete na saa. Spana ikianguka juu ya kilojouli 32 inayeyuka pale inapogusa kabla hujaitoa mkono. Fyuzi na kontakta, ile swichi nzito inayowashwa kwa umeme, ziwe karibu kabisa na kapasita, si mwisho wa waya.

Hata wakubwa walijifunza kwa maumivu. Julai 2008, wakati timu za Formula 1 zikijaribu mfumo huu kabla haujaruhusiwa, makanika wa BMW Sauber aligusa gari lililokuwa limerudi kutoka mzungukoni, huko Jerez nchini Hispania, akapigwa na umeme hadi chini. Mwaka 2009 uliporuhusiwa, kikomo kilikuwa kilowati 60 na kilojouli 400 kwa kila mzunguko wa uwanja, yaani msukumo wa sekunde 6 na nukta kadhaa. Timu nyingi ziliukwepa kwa ajili ya uzito wake. Lewis Hamilton ndiye aliyekuwa wa kwanza kushinda akiwa nao, Hungaria, Julai mwaka huo. Mwaka 2010 timu zikakubaliana kuuacha, 2011 ukarudi.

Mtapata nini? Kilojouli 8.6 zikirudi njia ileile zinapungua tena, zinabaki kama 6.9. Mkitoka kwenye kona na kilomita 20 kwa saa, hizo peke yake, bila injini na bila kuhesabu upepo, zinawafikisha karibu 38. Injini inaongeza ya kwake juu ya hapo. Kwenye uwanja wa kona nyingi mtaiona tofauti. Kwenye uwanja wa mistari mirefu mtabeba uzito bure, nami ningewashauri siku hiyo muufungue mfumo muuache nyumbani.

Jaribio la kwanza liwe gokati ikiwa juu ya stendi, magurudumu hewani. La pili uwanjani kweupe, kilomita 20 kwa saa, mota imezimwa, diski peke yake. La tatu ndipo mota. Andikeni volti kabla na baada ya kila breki kwenye daftari, na mniletee daftari hilo kabla ya kuniletea picha.

SWALI: Fundi, mimi ni mwalimu wa fizikia Sengerema. Wanafunzi wangu wamesikia kuna breki inayotunza nishati kwa gurudumu linalozunguka, bila betri. Ni kweli au ni maneno ya mtandaoni?

JIBU: Ni kweli, mwalimu. Linaitwa flaiwili. Badala ya kuigeuza nishati kuwa kemikali ndani ya betri, unaiacha iwe mwendo vilevile: gurudumu dogo ndani ya chombo kilichotolewa hewa, linazungushwa makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika, kisha linatoa nishati linapopunguzwa kasi. Audi R18 e-tron quattro iliyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 2012 ilikuwa na flaiwili ya namna hiyo, iliyotengenezwa na kampuni ndugu ya timu ya Williams.

Kwa darasani una mfano rahisi: cherehani ya miguu. Mtoto aondoe miguu kwenye pedali aone gurudumu linavyoendelea, kisha alikamate kwa kiganja asikie joto. Joto lile ndilo tunalolipoteza kwenye kila breki. Sisi tuliokulia Isamilo tulilijua mapema. Tulikuwa tukishuka na vigari vya mbao vya beringi, breki yetu ni kisigino cha kandambili, na tukifika chini kandambili imeliwa, mpira unanuka.

Ila usimruhusu mwanafunzi aunde flaiwili ya kasi kubwa. Gurudumu likipasuka kwenye mizunguko hiyo, vipande vinaruka kama risasi. Kwa shule, superkapasita ndogo na mota ya kigari cha kuchezea zinatosha kabisa.

SWALI: Mwangaluka fundi! Naendesha pikipiki ya umeme Buhongwa. Nataka nifunge dainamo gurudumu la mbele iwe inachaji betri muda wote ninapotembea. Nitaokoa pesa ya chaji?

JIBU: Mwangaluka, ndugu yangu. Hutaokoa, utapoteza. Dainamo inapochaji inakaba gurudumu, na mota ya nyuma italazimika kuvuta zaidi kushinda kukaba huko. Umeme unatoka kwenye betri, unapita mota, barabara, dainamo, unarudi kwenye betri, na kila kituo kinakata sehemu yake. Ukiweka ya shilingi kumi itarudi ya sita.

Faida ipo pale tu ambapo ungeshika breki kwa vyovyote: kwenye mteremko, kwenye kituo, abiria akishuka. Kwa hilo huhitaji dainamo. Mota uliyonayo inaweza kufanya kazi hiyo kama kontrola yako ina huo mpango na kama mota ya gurudumuni haina gia za kuteleza ndani. Sukuma pikipiki kinyumenyume ikiwa imezimwa. Kisha isukume mbele. Ikiwa mbele inateleza laini kama baiskeli na nyuma inakuwa nzito, gia hiyo inaachia, na kuvuna hakuwezekani. Na usisahau yule mama wa guta: ukikaa mlimani, usiijaze betri mpaka mwisho usiku. Acha nafasi.

SWALI: Fundi, mume wangu anavua dagaa Igombe. Nimesikia hizo superkapasita zinachajika kwa sekunde. Tuziweke kwenye taa za mtumbwi badala ya betri?

JIBU: Hapana, dada. Zile 18 nilizowaambia vijana wa Nyegezi, zikijaa kabisa, haziwezi kuwasha taa ya wati 10 hata saa nzima. Betri ndogo tu ya volti 12 na Ah 7 ina nishati zaidi ya mara tisa ya hiyo. Usiku wa dagaa ni mrefu, na taa inakunywa polepole. Hapo ndipo mtungi unapolishinda beseni. Kama betri yenu imeanza kuchoka kabla ya alfajiri, ichaji mpaka ijae, iache ipumzike usiku mmoja bila kuwasha kitu, asubuhi pima. Ya asidi ikiwa chini ya volti 12.4 baada ya kupumzika, imekwisha, na msiibebe tena ziwani.